Miaka saba ya duka la vifaa vya ujenzi: naiandikaje kwenye CV?

Dada wa Nkuhungu

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni mlionizidi umri.

Nina miaka 38, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nilisoma stashahada ya ununuzi na ugavi chuo cha biashara CBE, kampasi hii hii ya Dodoma, nikamaliza 2009. Kuanzia 2010 hadi Desemba 2016 nilikuwa mtunza stoo wa mradi wa maji vijijini, na miaka miwili ya mwisho nikapandishwa kuwa msaidizi wa ununuzi. Mradi ulipofikia kikomo tukapewa barua zetu na mkono wa kwaheri. Wenzangu walianza kutafuta kazi wiki ile ile. Mimi nilikuwa na milioni tisa mkononi na nilikuwa naona kinachoendelea mtaani.

Mnakumbuka Julai 2016 ilipotangazwa kwamba sasa Serikali inahamia Dodoma kwa vitendo. Aliyekuwepo hapa wakati ule anajua. Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Mkonze, kila ukigeuka kuna msingi unachimbwa. Fundi alikuwa anatoka Nkuhungu anakwenda mjini kutafuta kilo mbili za misumari, nusu siku imekwisha. Januari 2017 nikafungua duka la vifaa vya ujenzi. Chumba kimoja na uwanja mdogo nyuma, mabati juu. Nikaanza na saruji mifuko 100, nondo, misumari, binding waya, mabomba na rangi chache.

Kazi ile niliipenda, nasema ukweli. Saa 12 asubuhi mafundi wako mlangoni. Nilijifunza kupima unene wa nondo kwa kipimo cha venia baada ya kuletewa nondo zinazoitwa za milimita 12 kumbe hazifiki 11. Nilijifunza kwamba saruji ya chini kabisa kwenye rundo, ukiisahau msimu mmoja wa mvua, unauza mawe. 2019 nilikuwa na vijana wawili dukani na mmoja wa guta, na lori la mifuko 600 ya saruji lilikuwa halimalizi wiki mbili kabla ya kuuzika lote.

Halafu 2022 mkandarasi mmoja mdogo, mteja wangu wa miaka mitatu, akachukua mzigo wa milioni 23 kwa mali kauli, yaani chukua sasa ulipe baadaye. Alilipa milioni nane. Zilizobaki sikuziona tena, na namba yake ikawa haipatikani. Mimi nami nilikuwa nimechukua mzigo ule kwa mali kauli kwa wasambazaji wangu. Nililipa wote. Ilinichukua karibu miaka miwili, nikila mtaji kidogo kidogo, na Machi 2024 nikafunga, nikauza kilichobaki kwa jirani. Leo sidaiwi na mtu yeyote, na vijana wangu waliondoka na mishahara yao yote.

Tangu Mei nimetuma maombi 14 ya kazi za stoo na ununuzi. Nimeitwa kwenye usaili mmoja. Kwenye CV nilikuwa nimeandika mstari mmoja: «2017–2024: Nimejiajiri.» Basi. Walikuwa watu watatu mezani. Mama mmoja akashika karatasi yangu, akaweka kidole katikati, akauliza kwa upole kabisa: «Hapa miaka saba ulikuwa nyumbani?» Nikamjibu, «Hapana mama, nilikuwa na biashara tu.»

Hilo neno «tu» linaniuma mpaka leo. Miaka saba ya kuamka saa 11 alfajiri nimeimaliza kwa neno moja mbele ya watu ambao hawanijui.

Kijana anayenichapia CV steshenari ana ushauri wa aina mbili. Kwanza, nijiite Mkurugenzi Mtendaji. Pili, nirefushe ile kazi ya mradi mpaka 2023, kwa kuwa mradi haupo na hakuna wa kumuuliza. La pili nimelikataa. La kwanza sijui.

Naomba mnisaidie. Miaka hii naiandikaje? Wadhamini nawatoa wapi wakati bosi nilikuwa mimi mwenyewe? Na kufunga duka nakusema au nakunyamazia? Kuna tangazo la msimamizi msaidizi wa ghala la kampuni ya unga na nafaka hapa Dodoma, linafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nalitaka sana.

Ngosha22

Dada, sikiliza kijana wa steshenari. Kila mtu anarefusha miaka. Ukibaki na ukweli wako utabaki nao nyumbani.

Mstaafu Iringa

Marahaba mwanangu wa Nkuhungu.

Nimekuwa afisa utumishi katika halmashauri tatu, miaka 31, nimestaafu. Nimesoma CV nyingi kuliko magazeti. Nianze na huyu Ngosha, kisha nije kwako.

Ngosha mwanangu, kuna karatasi inaitwa taarifa ya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwajiri mpya akimpokea mtu huwa anaomba namba yake ya uanachama ili aendeleze michango. Michango ya mwisho ya mwajiri wa zamani imeandikwa mwezi na mwaka. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha mtu mzuri, mchapakazi, ambaye alishaanza kazi na tayari tulikuwa tumempenda, akaondoka kwa sababu ya miezi 19 aliyoiongeza. Ile miezi 19 hata hakuihitaji. Na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Usimwambie mtu afanye hivyo.

Sasa wewe, mwanangu. «Nimejiajiri» ni namna ya kulipwa. Siyo kazi. Ukiandika hivyo umeniambia nani alikuwa anakulipa, hujaniambia ulikuwa unafanya nini kutwa. Mtu aliyeajiriwa haandiki «2010–2016: Nimeajiriwa» akaishia hapo. Anaandika mtunza stoo, anaandika alitunza nini. Na wewe ulikuwa unanunua, unapokea, unakagua, unatunza, unatoa mali na kuiandika. Hicho ndicho ulichosomea CBE. Miaka yako saba haikutoka nje ya fani yako hata siku moja. Mimi ningekuwa mezani siku ile, na ungeniandikia hivyo, swali langu lingekuwa jingine kabisa.

Cheo usijipe Mkurugenzi Mtendaji. Si kwamba ni uongo, duka lilikuwa lako. Lakini anayeajiri msimamizi msaidizi wa ghala akiona Mkurugenzi Mtendaji anawaza mambo mawili: huyu atakubali kuagizwa? Au anajikweza? Andika «Mmiliki na msimamizi wa ununuzi na stoo». Neno mmiliki linasema ukweli, na yanayofuata yanamwambia ulifanya kazi gani.

Chukua lile tangazo la ghala. Kalamu nyekundu. Pigia mstari kila kitenzi: kupokea, kuhakiki, kuhifadhi, kuandaa taarifa, kusimamia vibarua. Kwa kila kitenzi kumbuka tukio moja la dukani lenye namba. Usilete sifa. «Mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo», haya kila mtu anayo, hata mwizi.

Ili nikusaidie nijibu haya. Ulikuwa na aina ngapi za bidhaa? Mzigo ulikuwa unauhesabu lini na kwa namna gani? Tofauti kati ya daftari na stoo ilikuwa kiasi gani? Ulinunua kwa wasambazaji wangapi, na wangapi walikupa mali kabla ya pesa? Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ulikuwa nayo?

Na jambo ambalo hukuuliza. Usajili wako kwenye Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi uko hai?

Dada wa Nkuhungu

Shikamoo tena mama. Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimeshuka nimekaa chini ya mti ili nijibu vizuri.

Aina za bidhaa: nilipouza kwa jirani tuliorodhesha 340, nikihesabu kila ukubwa wa bomba na kila rangi kivyake.

Kuhesabu: kila Jumapili jioni baada ya kufunga. Siyo vyote. Nilivigawa makundi manne, wiki hii saruji na nondo, wiki ijayo mabomba na viungio vyake, hivyo hivyo, kwa hiyo kila kitu kilihesabiwa mara moja kwa mwezi. Desemba tunahesabu vyote siku mbili. Hii niliitoa kwenye stoo ya mradi.

Tofauti: mwaka wa kwanza ilikuwa mbaya. Kwa kila shilingi 100 ya mzigo nilikuwa nakosa kama nne. Nyingi ni misumari na waya zinazopimwa kwa kilo, kijana anamimina kwa jicho. Nikanunua mizani nyingine, nikaanza kufunga misumari kilo moja moja usiku. 2020 nilikuwa chini ya shilingi moja kwa 100. Madaftari yote ninayo, yako kwenye sanduku.

Wasambazaji 11, wanne Dar na saba hapa, Kizota na mjini. Saba walinipa mali kauli ya siku 14 hadi 30.

EFD nilikuwa nayo tangu 2018. Mauzo na manunuzi nilianza kuandika kwenye Excel 2019.

Usajili wa bodi: hapana mama. Niliacha kulipa ada 2017. Niliona hauna kazi dukani.

Ghala Vingunguti

Dada yangu, mimi nasimamia ghala la bidhaa za vyakula Dar, Vingunguti, na mimi ndiye ninayechagua watu wa chini yangu. Niongee kama mtu ambaye CV yako ingemfikia.

Hiyo aya ya misumari ndiyo CV yako. Umeona tatizo, umelijua linatoka wapi, umefanya kitu cha bei ndogo, namba imeshuka. Nina watu wenye shahada ambao nikiwauliza kwa nini mifuko sita imepotea wananijibu «ni kawaida bosi». Mtu anayejua kuwa upotevu una jina na mahali unapotokea ni adimu. Lakini angalia, umeliweka kwenye jibu la tatu kama jambo la kupita. Kwenye karatasi lipandishe juu.

Pili, saruji. Ghala unaloomba ni la unga. Saruji na unga adui yao ni mmoja, unyevu. Ulipangaje saruji? Kama uliiweka juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyoingia kwanza ikatoka kwanza, basi hiyo ni kazi ya ghala la unga neno kwa neno. Iandike. Msomaji wa kampuni ya nafaka hahitaji kujua bati geji 28 na geji 30, hayo yaache. Anahitaji kuona mifuko ya kilo 50 imepangwa, imehesabiwa na imetoka kwa zamu bila kuharibika.

Hapa natofautiana kidogo na mama. Hofu yangu kubwa kwa mtu aliyejiajiri siyo kwamba hatakubali kuagizwa. Hofu yangu ni kwamba atakaa miezi mitano, akusanye mtaji, arudi dukani, au mbaya zaidi awe na duka lake pembeni na mimi ndiye msambazaji bila kujua. Hilo CV haiwezi kulijibu. Lijibu kwenye barua ya maombi, sentensi mbili, bila kuombwa. Sema duka limefungwa na mzigo umeuzwa, sema unataka ghala kwa sababu gani. Sababu ya kweli. Kama ni kwamba sehemu ya stoo ndiyo uliyoipenda kuliko kukimbizana na wadaiwa, sema hivyo hivyo.

Deni la mkandarasi usiliweke kwenye CV. Lakini wakikuuliza kwa nini ulifunga, usizunguke. Milioni 23, nane zililipwa, 15 zilipotea, wasambazaji wangu wote nimewalipa, na baada ya hapo niliweka kikomo cha mali kauli. Uliweka? Kama hukuweka sema ungeweka kiasi gani. Mimi mtu akiniambia hivyo namwajiri kabla hajamaliza chai. Aliyelipa madeni ya mtu mwingine kwa miaka miwili hawezi kuniibia mifuko ya unga.

Mpwani Changamwe

Salaam aleikum. Mimi niko Mombasa, Changamwe. Nimeona swali la wadhamini nikaona nichangie kwa sababu mimi nimelipitia.

Nilikuwa na duka la vipuri vya malori, miaka mitano. Mizigo mingi ilipohamia kwenye reli ya SGR malori yalipungua huku kwetu, na gereji nilizokuwa nikiziuzia zikafungwa moja baada ya nyingine. Nikarudi kuajiriwa katika kazi ya kutoa mizigo bandarini. Hilo la bosi kuwa wewe mwenyewe lilinitatiza kama wewe.

Dadangu, mtu aliyekukopesha mali ndiye mdhamini bora kuliko bosi. Bosi anakusifu kwa maneno. Huyu alikuachia mali yake kwa kauli yako, mwezi baada ya mwezi. Chukua msambazaji mmoja aliyekupa muda mrefu zaidi. Wa pili awe mteja mkubwa, kama ulikuwa ukiiuzia shule, kanisa au msikiti, taasisi yenye muhuri na simu ya ofisini. Wa tatu rudi kwa msimamizi wako wa mradi ule wa maji, hata kama ni miaka mingi, maana yeye anajua ulivyokuwa ukipokea amri. Usimweke jirani wala shemeji. Na mpigie kila mmoja kabla, umsomee tangazo kwa simu, ili akipigiwa asishtuke akasema «nani huyo?». Mimi mmoja wangu alishtuka. Kazi ile sikuipata.

La pili, karatasi zako za kodi. Huku kwetu kwenye kazi ya serikali unatakiwa kuonyesha cheti cha kuwa sawa na KRA, mamlaka yetu ya mapato. Mimi nilipofunga duka nilidhani mambo yameisha, kumbe ritani ya kodi inatakiwa kila mwaka isipite tarehe 30 Juni hata kama hukupata kitu. Nilikuta faini za miaka miwili zinanisubiri, na cheti sikupewa mpaka nilipolipa. Sijui mambo ya huko kwenu yanavyokwenda lakini kama duka bado liko hai kwenye vitabu vya kodi, nenda kalifunge.

Mstaafu Iringa

Ndugu wa Mombasa amesema neno. Huku kwetu pia ni hivyo: TIN ya biashara usiyoifunga kwa barua inaendelea kuhesabiwa kama biashara. Nenda TRA na barua, wakupe uthibitisho. Ukishafika huko, karatasi hizo hizo, yaani leseni za miaka saba, TIN, cheti cha jina la biashara kama ulisajili BRELA, ziweke kwenye bahasha moja. Hutaziambatisha. Siku ya usaili ziwe kwenye mkoba. Mtu akitilia shaka kwamba duka lilikuwepo, unaweka mezani.

Kuhusu bodi nitakuwa mkali kidogo. Lipa. Kampuni binafsi inaweza isiulize, lakini siku ukitaka kuomba Afisa Ugavi Msaidizi serikalini usajili utaulizwa. Bado una nafasi huko, maana kikomo ni miaka 45. Na ujue serikalini mambo ni tofauti: wakishahakiki vyeti na sifa zilizo kwenye tangazo, kinachokupeleka mbele ni usaili wa mchujo, na ule ni mtihani wa kuandika. Miaka saba ya duka haikusahihishii karatasi. Huko utafungua madaftari ya CBE. Lakini kwenye ghala hili la unga CV ndiyo inayoongea, kwa hiyo iandike leo usiku uilete hapa tuione.

Dada wa Nkuhungu

Asanteni. Sikulala mapema. Nilifungua sanduku la madaftari, mengine yana vumbi la saruji mpaka leo. Kaka wa Vingunguti, ndiyo, saruji niliipanga juu ya mbao, nusu hatua kutoka ukutani, mifuko kumi kwenda juu isizidi, na niliandika tarehe kwa chaki kwenye mfuko wa mbele. Baada ya 2018 sikupoteza hata mfuko mmoja kwa kuganda. Nilikuwa sijawahi kuufikiria kama utaalamu. Na kikomo cha mali kauli niliweka: laki tano kwa fundi, milioni mbili kwa mkandarasi, na hakuna mzigo wa pili kabla ya wa kwanza kulipwa. Nilikiweka nimeshachelewa, lakini nilikiweka.

Hii hapa rasimu:

*Januari 2017 – Machi 2024*
*Mmiliki na msimamizi wa ununuzi na stoo, duka la vifaa vya ujenzi, Nkuhungu, Dodoma*

*Niliendesha duka la rejareja lenye aina 340 za bidhaa na wafanyakazi watatu.*

*Nilipunguza upotevu wa mzigo kutoka takriban shilingi 4 kwa kila 100 (2017) hadi chini ya shilingi 1 (2020), kwa kupima upya bidhaa za kilo na kuhesabu kundi moja la bidhaa kila wiki.*

*Nilipokea, nilikagua na kupanga hadi mifuko 1,800 ya saruji kwa mwezi. Iliyoingia kwanza ilitoka kwanza, na baada ya 2018 hakuna mfuko ulioharibika kwa unyevu.*

*Nilinunua kwa wasambazaji 11 wa Dodoma na Dar es Salaam, saba kati yao kwa malipo ya siku 14 hadi 30. Wote walilipwa kikamilifu.*

*Nilikataa na kurudisha mizigo isiyotimiza kipimo, na kumwandikia msambazaji sababu.*

*Nilitunza kumbukumbu za mauzo kwa mashine ya EFD na za manunuzi kwa Excel.*

Mzee wa Kizota aliyekuwa ananipa mabomba kwa siku 30 nimempigia asubuhi. Nilikuwa naogopa, kwa sababu yeye ndiye niliyemchelewesha kuliko wote wakati wa lile deni. Nikamsomea tangazo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, «Andika namba yangu ya dukani na ya nyumbani zote mbili.» Nililia, sitaficha.

Ghala Vingunguti

Mstari wa upotevu uwe wa kwanza, wa «niliendesha duka» ushuke chini. Idadi ya watu uliowasimamia itenganishe, usiifiche kwenye aina za bidhaa, maana tangazo linataka mtu wa kusimamia vibarua. Andika pia kijana wa guta alikuwa anatoka na karatasi gani na anarudi na nini. Utoaji wa mzigo hujaugusa kabisa, na ghala nusu yake ni kutoa.

Na Excel, jiandae. Mimi nikiona neno hilo kwenye CV namkalisha mtu kwenye kompyuta siku ya usaili, nampa orodha ya mizigo iliyoingia na iliyotoka, namwambia anipe salio. Kama mkono umepoa, kaa na kompyuta siku mbili hizi.

Mstaafu Iringa

Mimi nina moja. «Nilikataa na kurudisha mizigo isiyotimiza kipimo.» Weka mara ngapi. Hata kama ni mara tano tu kwa miaka saba, namba itamfanya akuulize, na ukiulizwa hilo una kisa cha ile nondo na venia. Mezani unataka waulize mambo ambayo una kisa chake.

Ile kazi ya mradi usiiache ikiwa na mistari miwili kwa sababu ni ya zamani. Mpe msomaji aone kuhesabu kwa makundi kulianzia kule, kisha kukaja dukani. Aone ni mtu mmoja.

Dada wa Nkuhungu

Mara tisa. Nimehesabu kwenye daftari la mapokezi: nondo mara nne, saruji iliyochanika mara tatu, rangi zilizopita muda mara mbili.

Kijana wa guta alitoka na hati ya kutoa mzigo nakala mbili. Moja inabaki kwa mteja, moja inarudi na sahihi yake. Bila sahihi safari hailipwi. Naiongeza sasa hivi.

Kesho asubuhi naanzia TRA na barua ya kufunga, nikitoka huko naenda kuulizia malimbikizo ya ada ya bodi, mchana nina kompyuta ya mdogo wangu kwa ajili ya Excel. Msimamizi wangu wa mradi yuko Singida siku hizi, namba nimeipata kwa mtu, nitampigia jioni akitoka kazini. Jumatano naituma.